Mshukiwa Naye Hunywa Chai

Katika Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga iliyotoka 2012, kijana anayeitwa Mwas anaingia Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza tu anaporwa alichobeba, na kabla hajapata pa kulala anajikuta seli, akiamrishwa kusafisha choo kilichofurika. Muongozaji mwingine angetuonyesha ndoo na sura ya kinyaa, kisha akimbilie wizi wa kwanza. Gitonga anatulia pale. Mwas anasita, anajikusanya, halafu anaivamia kazi ile kwa ari ya mtu aliye jukwaani, na Oti, jambazi atakayemwingiza gengeni, anamwona. Wizi wote unaofuata, kuanzia vioo na taa za magari hadi magari yenyewe, umeshaandaliwa mle chooni. Tumeshamjua Mwas: mpe hadhira, ataigiza chochote, hata ujambazi.

Ufundi huo wa kumkalia mhusika mpaka afunguke, huku uhalifu ukisubiri zamu yake, ndio ninaotaka kuusifu. Una udhaifu wake, nitaufikia. Lakini kwanza niseme kwa nini nauona kuwa ufundi unaohitajika Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kuliko pengi.

Katika bonde lile linaloshuka kutoka Juja Road hadi mtoni, kuanzia Mlango Kubwa, Mabatini na Bondeni hadi Kosovo, uhalifu husimuliwa upesi mno. Taarifa ya habari huhesabu waliopigwa risasi, hutaja bastola iliyookotwa na risasi zilizosalia, kisha huja habari za michezo. Mara nyingi jina halitajwi. Aliyekufa anaitwa mshukiwa na anabaki mshukiwa, kana kwamba alizaliwa dakika kumi kabla ya risasi. Mwaka 2017 vijana wa Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti kuhusu watu wanaouawa na polisi. Kazi yao ilikuwa kwenda kwa jamaa na majirani na kuuliza: alikuwa nani, alikuwa akifanya nini, nani alimwona mwisho? Lengo lao lilikuwa haki, wala hawakuwa na haja ya sinema. Hata hivyo maswali yale ndiyo mwandishi mzuri wa filamu ya uhalifu hujiuliza kabla ya kuandika tukio la kwanza, na asiyekuwa na majibu yake hana filamu.

Nairobi Half Life haikuwa filamu ya mwendo wa pole tangu mwanzo hadi mwisho. Ina vichekesho, ina mbio, ina milio ya bunduki. Utulivu wake umewekwa mahali maalumu, na waandishi wake, Serah Mwihaki, Charles "Potash" Matathia na Samuel Munene, walijua pa kuuweka: seli, chumba cha genge, mazoezi ya tamthilia ambako Mwas anakaa na watu wasiojua usiku ametoka wapi. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo. Nikimtazama, naona ameistahili kwa jinsi anavyosikiliza. Wenzake wakipanga wizi, macho yake yanahama kutoka kwa huyu hadi kwa yule kama ya mwanafunzi anayekariri, nasi tunaanza kumwogopea kabla hajagusa kitu cha mtu.

Nduguye wa mwaka uliofuata alichukua njia ngumu zaidi. Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013, ilizaliwa katika mradi uleule uliozaa Nairobi Half Life, One Fine Day Films, ulioungwa mkono na muongozaji Mjerumani Tom Tykwer, lakini hii inaanza baada ya uhalifu kwisha. Vurugu za uchaguzi wa 2007 zimepita. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe, mtoto wake yuko hospitali hajitambui, na shamba lake limeharibiwa. Joseph alikuwa miongoni mwa vijana waliovamia. Filamu nzima ni watu wawili wanaojaribu kuendelea na maisha huku tukio lenyewe likiwa nyuma yao. Hakuna kitendawili cha kutegua. Mhalifu tunamjua. Kinachotushika ni kumwona Anne akirudi shambani, akisafisha, akirekebisha, akikataa kuondoka, na uzito wa kila kitu anachokiinua.

Mtu wa Mathare hahitaji kuelezwa uzito huo. Hapo bondeni pia nyumba zilichomwa mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, na wapo wanaokutana mpaka leo dukani na watu waliowaona usiku ule wameshika panga. Filamu ya kasi haiwezi kuonyesha mkutano huo wa dukani. Itatafuta ugomvi, kisasi, au msamaha wa machozi. Mwendo wa Kibinge unaweza kuonyesha watu wawili wakinunua unga kwenye duka moja bila kusemezana, na ukatuacha tuone gharama yake.

Lakini Joseph amepunjwa. Kibinge anampa Anne muda wa kutosha na uso wa Susan Wanjiru unaubeba, ila yule kijana tunaonyeshwa majuto yake zaidi ya kuonyeshwa yeye mwenyewe. Nilitaka kujua alipenda nini kabla ya vurugu, nani alimpa amri, alilipwa au hakulipwa, alikula nini asubuhi ya siku ile. Hapo ndipo mwendo wa pole hugeuka kuwa hila: kamera inamtazama mtu kwa muda mrefu, nasi tunadhani tunamwona ndani, kumbe tunaona kimya tu. Kimya chenye mtu ndani na kimya kitupu hufanana sana kwa nje. Tofauti yake huamuliwa mezani kwa mwandishi, na hakuna mpiga picha awezaye kuiokoa baadaye.

Mafundi wa ulimwengu wamelijua hili. Mturuki Nuri Bilge Ceylan, katika Once Upon a Time in Anatolia ya 2011, anawazungusha polisi, daktari na mwendesha mashtaka usiku kucha wakitafuta mahali maiti ilipozikwa. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu. Katikati, umeme unapotea katika kijiji walikopumzika, na binti wa mwenyeji anapita na taa na sinia la chai, akimhudumia kila mmoja. Mshukiwa naye anapewa chai. Anamtazama binti yule, na muda si muda analia. Hakuna swali la polisi lililokuwa limemfikisha hapo. Nimeona watu wakichoka na filamu hiyo kabla ya chai, na siwalaumu, lakini ukiiondoa ile safari ndefu ya gizani, kikombe kile hakina nguvu yoyote.

Wala utulivu huu si mgeni katika Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, ni mpelelezi anayevuta kiko na kufikiri. Anawaacha watu waseme. Wasomaji wa Unguja na bara walimsubiri kwa hamu bila kufukuzana hata barabara moja.

Sasa kuna kibanda cha video, nacho kina haki ya kusikilizwa. Vizazi vya Eastlands ya Nairobi vimelelewa kwenye mabenchi ya mbao chini ya mabati, vikitazama muvi zilizotafsiriwa na DJ Afro, sauti inayokimbia mbele ya picha, inayompa stelingi sifa na adui matusi. Wapo wanaosema hadhira hiyo haiwezi kuvumilia filamu ya pole. Mimi naona DJ Afro amewafundisha kinyume chake. Yeye hujaza kila kimya kwa sababu ya mtu: huyu ana hasira kwa kuwa aliibiwa, yule anaficha kitu, huyu anampenda dada wa adui wake. Anachouza ni nia za watu. Hadhira yake imezoea kuuliza mtu anataka nini, na ndiyo hadhira ambayo filamu inayojengwa juu ya wahusika ingepaswa kuitamani. Ila haitasamehe dakika tano za mtu anayeangalia dirisha bila kutaka chochote.

Kuna na suala la masikio, ambalo wasomi wa filamu hawalitaji. Kimya cha sinema kimetengenezwa kwa ukumbi wenye kuta nene. Tangu 2011 Slum Film Festival imepeleka filamu kwa watu wa Kibera na Mathare kwenye mitaa yao wenyewe, na huko filamu inashindana na matatu za Juja Road, fundi wa kuchomelea vyuma, na spika ya jirani. Pumzi ya mwigizaji, kijiko kinachogonga kikombe, havifiki. Anayetaka kuitengenezea Mathare filamu ya pole lazima apeleke hadithi machoni: mikono, viatu, nani anakaa karibu na mlango.

Na asinipigie tena ile picha ya juu, mabati yenye kutu mpaka upeo wa macho, muziki wa huzuni chini yake. Imekuwa njia ya kuonekana mwenye utulivu bila kumjua mtu hata mmoja chini ya mabati hayo. Watazamaji wa mbali huipenda. Aliye chini ya bati hujiuliza mbona kamera haishuki.

Hata Nairobi Half Life ina deni. Amina, mwanamke anayemvutia Mwas, ana macho ya mtu mwenye hadithi ndefu, lakini filamu inamhitaji hasa kwa ajili ya kijana huyo. Nao mwisho, polisi wanapolipeleka genge kuuawa, unakwenda mbio kuliko watu ambao filamu ilitufundisha kuwapenda kwa muda mrefu. Oti alistahili dakika kadhaa zaidi.

Filamu ninayoingoja ni ya mama. Mathare wako akina mama waliojiunga pamoja kudai haki za wana wao waliouawa, na safari zao ni drama ya uhalifu isiyo na bunduki hata moja: kituo cha polisi cha Pangani, mochari, mahakama, tarehe ya kesi iliyoahirishwa, nauli ya kurudi. Mpelelezi ni mama mwenyewe. Ushahidi ni fulana aliyoifua mwenyewe Jumapili. Mwandishi wa filamu hiyo yumkini yuko tayari huko bondeni, na kamera si ghali kama zamani. Anachohitaji ni mtayarishaji atakayesoma ukurasa ambao mama huyo amekaa tu kwenye benchi la kituo, akiitwa na kuambiwa angoje, asiukate.