Namna ya Kumpima Mwongozaji wa Filamu wa Lubumbashi

Tuzo hukuambia majaji wamependa nini. Ufundi wenyewe inabidi uutafute kwa macho na masikio yako, na kwa waongozaji waliozaliwa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, mimi nashauri uanze na masikio.

Mchukue Baloji. Alizaliwa mjini humo mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akawa rapa wa kundi la Starflam, kisha akatoa albamu zake mwenyewe, mojawapo ikiwa Hotel Impala ya 2007. Filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilipata Tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2023. Isikilize. Wahusika wanahama kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili na Kilingala bila kusimama ili mgeni aeleweshwe. Katika filamu dhaifu, bibi hupewa salamu mbili za Kiswahili ili aonekane wa nyumbani, kisha wote hurudi kwenye Kifaransa na hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo lugha inapobadilika, jiulize: nani ameachwa nje ya mazungumzo, na je, usoni mwake inaonekana? Kama huna jibu, mwongozaji hakuwa na kazi na lugha ile. Baloji alitunga hata muziki wa albamu nne, kila moja kwa mtazamo wa mhusika mmoja wa filamu, na unahisi kwamba kila mmoja ana mdundo wake.

Kipimo kikubwa zaidi ni uchawi. Hapo ndipo filamu nyingi zetu huanguka: moshi, mayowe, mchungaji anakemea, mwisho. Augure imegawanywa kwa majina ya watu wanne, Koffi, Paco, Tshala na Mama Mujila, na kila mmoja wao anatazamwa na wenzake kama mchawi au mwenye mkosi. Koffi anarudi kutoka Ulaya na mchumba wake mjamzito, Alice, ili alipe mahari. Ana alama usoni ambayo tangu utotoni ilisemwa kuwa ya zabolo, yaani shetani. Anapokuwa amembeba mtoto mchanga wa nduguye, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Mwongozaji mvivu angechagua upande papo hapo: atuchekeshe kwa ujinga wa familia, au atutishe na Koffi. Baloji anakataa yote mawili. Hofu ya familia ni ya kweli, na maumivu ya Koffi ni ya kweli.

Halafu angalia anachomfanyia Mama Mujila. Mwanzoni ni mama mgumu asiyetaka kumwona mwanawe Koffi, nawe unamchukia kwa moyo wote. Lakini filamu inamwekea sehemu yake, tena ya mwisho, ili umtazame akiwa peke yake na mzigo wake. Ningekuwa na swali moja tu la kumpimia mwongozaji yeyote, ningeuliza hili: je, mtu uliyemchukia amepewa muda wake? Anayeweza kufanya hivyo bila kumsafisha mhusika amekomaa.

Mavazi nayo yapimwe. Paco na vijana wenzake wa mtaani wanavaa magauni ya waridi. Si urembo wa kushangaza Wazungu. Ni maombolezo: Paco anamlilia dada yake aliyefariki. Zima sauti kidogo uone kama msiba bado unasomeka.

Kuhusu mgodi, kuwa mkali. Kila kamera inayofika Lubumbashi hukimbilia bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini ya shaba, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini, na picha hizo mbili pekee hazijawahi kumfanya mtu kuwa msanii. Linganisha na Sammy Baloji, ambaye naye alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 (majina yasikuchanganye). Katika video yake Mémoire ya 2006 alimweka mcheza dansi Faustin Linyekula ndani ya magofu ya viwanda, huku hotuba za wanasiasa zikisikika. Mwili mmoja unaojipinda kati ya vyuma vyenye kutu unakuonyesha ukubwa wa kilichopotea, na ahadi unazozisikia zinajibiwa na unachokiona.

Mwongozaji mzuri huweza kuhama mandhari bila kuliacha swali lake. Katika L'Arbre de l'authenticité, iliyopata tuzo maalumu ya majaji huko Rotterdam mwaka 2025, Sammy ameacha shaba na kwenda Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha enzi za ukoloni kando ya mto Kongo. Anatupa sauti ya Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo Mkongomani, kisha ya Mbelgiji Abiron Beirnaert, kisha ya mti. Itazame baada ya Mémoire, siyo kabla. Katika zote mbili anauliza nani aliifanya kazi na nani aliyeandika kumbukumbu yake, ila safari hii haharakishi: anakubali ukae na msitu muda mrefu kuliko unavyopenda.