Biashara ya Siku Moja

Huenda kijana wako amekwisha kukaa mbele ya televisheni akitazama mashindano ya biashara. Mashuhuri kati ya hayo ni The Apprentice, yaliyoanza Marekani mwaka 2004 na Uingereza mwaka 2005. Washindani hugawanywa makundi mawili, hupewa mtaji, hutumwa mjini, na mwisho huhesabiwa faida. Walioshindwa huitwa mbele ya tajiri, na mmoja wao hufukuzwa.

Watazamaji wengi hulalamika kuwa mitihani ni ileile. Ni kweli. Huko Uingereza, mtihani wa kwanza mwaka 2005 ulikuwa kuuza maua. Mwaka 2006 matunda, 2007 kahawa, 2008 samaki. Bidhaa zilibadilika, mtihani haukubadilika. Katika ule wa samaki, wanaume waliuza kambakoche kwa bei ya kutupa kwa kuwa hawakuijua thamani yake. Mvuvi yeyote wa kwetu angecheka.

Hata hivyo tusiharakishe kuhukumu. Je, kurudia ni aibu? La hasha! Tazama mchele uliomo jikoni mwako. Huenda umetoka Idete, katika bonde la Kilombero. Mkulima wa huko kila mwaka hulima, hupanda, hupalilia, huamia ndege na kuvuna. Mbona hatusemi kuwa anachosha? Kwa sababu kosa lake la mwaka jana humngoja shambani mwaka huu, na jirani aliyemkopesha mbegu angali jirani yake.

Hapo ndipo penye ila ya kipindi hiki. Mtihani hurudiwa, lakini muuzaji harudi kwa mteja wake. Huuza, huhesabu, huondoka. Aliyesema kweli na aliyesifu kitu kibovu hupimwa kwa fedha tu.

Sasa mfikirie mnunuzi wa mpunga aingiaye kijijini na gunia la lumbesa, lililorundikwa na kushonewa kilemba juu, akalipa bei ya gunia moja. Kwa hesabu ya jioni moja, huyo ndiye bingwa! Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yamkataza. Na Sura ya 83 ya Qurani Tukufu yaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Lakini hesabu ya faida peke yake haiwezi kumtambua.

La kushangaza zaidi, tangu mwaka 2011 mshindi wa Uingereza hapewi tena kazi, bali hupewa mtaji wa pauni 250,000 aendeshe biashara kwa ubia na tajiri huyo. Ubia ni jambo la miaka; mbona mitihani imebaki ya siku moja au mbili?

Dawa si kubuni michezo mipya. Warudishwe washindani, baada ya mwezi, kwenye milango ileile waliyouza. Anayefunguliwa mlango ndiye mfanyabiashara.

Basi, ewe mzazi, kijana wako akisifu faida ya mshindi, usimzimie televisheni. Muulize swali moja: "Mwanangu, wale walionunua kwake, kesho watanunua tena?" Akikosa jibu, mweleze kuwa mashindano yamekwisha, lakini biashara haijaanza.