Muchoraji na musalaba wake

Wengi wanaoona tablo ya Diego Velázquez inayoitwa Las Meninas wanaangalia kwanza mutoto mwenye kanzu nyeupe, Margarita, binti ya mufalme Filipo wa 4 wa Hispania. Ni haki yao, juu mwangaza wote unamwangukia yeye. Lakini sisi tunaomba musomaji ageuze macho upande wa kushoto, kwenye kivuli. Pale amesimama mwanaume wa masharubu mbele ya kitambaa kinachomupita kwa urefu, brashi mukono wa kuume, kibao cha rangi mukono wa kushoto. Ni muchoraji mwenyewe! Amejichora akiwa kazini, mwaka wa 1656, ndani ya nyumba ya mufalme. Na mufalme na malkia wanaonekana tu kadogo kule nyuma, ndani ya kioo.

Basi tuangalie kifua chake. Musalaba mwekundu ule ni alama ya chama cha wakubwa wa Santiago. Velázquez alipokelewa humo mwaka wa 1659, yaani miaka 3 kisha tablo. Musalaba uliongezwa nyuma. Na kwa kuingia, ilipaswa kuhakikisha kwamba jamaa yake ni ya wakubwa, tena kwamba hakuishi kwa kazi ya mikono. Wachoraji wenzake, kama Zurbarán na Alonso Cano, walikuja kushuhudia kwamba hana duka, anachora tu kwa kumupendeza mufalme. Kumbe alikuwa mulipwa wa mufalme tangu 1623! Hata hivyo baraza lilikatala ukubwa wa jamaa yake, mpaka ruhusa ya Papa ikafika.

Kuna wanaosema tablo hii inasifu kazi ya muchoraji. Sisi tunakubali nusu. Brashi inasifu, ndiyo: ukikaribia mukono ule, hauone tena vidole, unaona mapigo machache ya rangi ya mafuta tu, na ukirudi nyuma mukono unaishi. Ni ufundi wa ajabu. Lakini musalaba unasema neno lingine, kwamba mwenye mukono huu hakufanya kazi. Vyote viwili viko juu ya mutu mumoja, na vinabishana.

Tena kuna mwengine asiyeonekana hapo. Juan de Pareja, mwenye damu ya Kiafrika, alikuwa mutumwa wa Velázquez na musaidizi wake katika kazi. Kule Roma, mwaka wa 1650, bwana wake alimuchora, tena mwaka uleule akatia sahihi karatasi ya kumuacha huru, lakini kwa sharti ya kutumika miaka 4 zaidi. Miaka hiyo ilipoisha Pareja alichora kwa jina lake. Tablo yake ya mwaka wa 1661, Mwito wa Mutakatifu Matayo, iko pia Prado, kule Madrid, nyumba moja na ile ya bwana wake. Naye amejiweka humo, pembeni kabisa upande wa kushoto, anatuangalia sisi. Kifuani hana musalaba. Mukononi ana kikaratasi, na jina lake limeandikwa juu yake.