Ngeli Katika Istilahi za Kompyuta: Kubadili Vilivyomo Ndani ya Orodha

Miongoni mwa maandishi yanayowasumbua wafasiri wa mambo ya kompyuta ni yale yahusuyo hifadhidata za nyaraka. Hizi hazipangi habari katika majedwali, bali hukusanya habari za jambo moja katika waraka wenye sehemu zenye majina. Mfano unaojulikana sana ni MongoDB, iliyotolewa mwaka 2009. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za kazi moja tu ya hifadhidata hiyo, nayo ni kubadili kitu kilichomo katika orodha ambayo nayo imo ndani ya orodha nyingine.

Tuchukue mfano wa shule. Kila darasa lina waraka wake. Ndani ya waraka imo orodha ya wanafunzi, na ndani ya habari za kila mwanafunzi imo orodha ya masomo pamoja na alama. Karani anataka kusahihisha alama ya Hisabati ya mwanafunzi namba 17. Mfasiri mwenye haraka atamwandikia hivi: "Sasisha kitu kinacholingana cha safu ya kiota." Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini karani hataambulia kitu.

Kwanza, neno "kiota". Mwenye Kiingereza hulitumia kwa vitu vilivyoingiana, kimoja ndani ya kingine. Kwa Mswahili kiota ni makao ya ndege. Ndani yake mna mayai na makinda, wala hamna viota vingine. Picha hiyo haimpi msomaji maana inayokusudiwa. Na kwa nini tuazime picha ilhali sarufi yetu inayo "-mo"? Tukisema "orodha iliyomo ndani ya orodha" tumemaliza.

Pili, neno "safu". Tunalo katika safu ya milima na safu ya askari, na watumiaji wa majedwali ya kompyuta wamekwisha kuzoea "safu wima" na "safu mlalo". Anayelikuta tena hapa atafikiri habari ni ya jedwali. Yafaa tuseme "orodha", na kila kilichomo tukiite "kipengele".

Hata hivyo, kasoro kubwa ya sentensi ile haimo katika nomino. Imo katika idadi. Je, kinabadilishwa kipengele kimoja, au vyote? Katika MongoDB jibu hutegemea alama iliyoandikwa. Alama ya dola peke yake husimama mahali pa kipengele cha kwanza kinachotimiza sharti. Dola yenye mabano ya mraba matupu humaanisha vipengele vyote. Dola yenye mabano yaliyotiwa jina humaanisha vile tu vinavyotimiza sharti lililoambatanishwa na jina hilo. Alama hizi mbili za mwisho zilikuja na toleo la 3.6 la mwaka 2017. Dola ya peke yake haifai kupenya orodha zaidi ya moja. Kwa hiyo karani wetu, mwenye orodha mbili za kupita, hutumia mabano yenye majina: moja kwa mwanafunzi namba 17, jingine kwa somo la Hisabati.

Sasa tuseme wanafunzi 45 wa darasa hilo wamehamishiwa kituo kingine cha mtihani, na karani akatumia dola ya peke yake. Atabadilishwa mwanafunzi wa kwanza tu. 44 watabaki katika kituo cha zamani. Kompyuta haitalalamika, kwa kuwa imetenda ilivyoagizwa. Siku ya mtihani ndipo kosa litakapojulikana.

Kosa hili huzidishwa na amri ambayo kwa Kiingereza husema, kwa ufupi, "badili nyingi". Nyingi nini? Neno la Kiingereza halina ngeli, na msomaji hudhani vipengele vingi vitabadilishwa. Sivyo. Amri hiyo huchagua nyaraka nyingi. Ikiandamana na dola ya peke yake, katika kila waraka hubadilishwa kipengele cha kwanza tu. Hapa Kiswahili kina nguvu kuliko lugha tunayofasiri kutoka kwake, maana "nyaraka nyingi" na "vipengele vingi" haviwezi kuchanganywa. Mfasiri anayeacha nomino na kuandika "nyingi" tupu ameitupa nguvu hiyo.

Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi zinazokwenda pamoja zichaguliwe kwa kuangalia ngeli zake. Wapo wanaopendelea "hati" badala ya "waraka", wakihoji kwamba waraka serikalini ni maagizo yanayopelekwa kwa wengi. Hoja yao ina uzito. Lakini tazama: "Hati yenye orodha iliyokosewa irekebishwe." Kinachorekebishwa ni hati nzima au ni orodha? Tukisema "waraka wenye orodha iliyokosewa urekebishwe", shaka imeondoka. Katika wingi msaada huo hupungua, kwani nyaraka na orodha hupatana sawa. Hapo mfasiri hana budi kuirudia nomino.

Mwisho, kitenzi "kusasisha". Ni neno zuri lenye asili ya "sasa", nalo lafaa kuwa jina la kazi kwa jumla. Lakini chini yake kuna vitendo mbalimbali: kuweka thamani, kuongeza kipengele na kuondoa kipengele. Ukiamuru kuweka orodha mpya mahali ulipotaka kuongeza kipengele kimoja, orodha yote ya zamani hufutika. Kila kitendo kitajwe kwa jina lake.

Basi sentensi ya karani na iwe hivi: "Katika waraka wa darasa hili, weka alama mpya ya somo la Hisabati lililomo katika orodha ya masomo ya mwanafunzi namba 17, aliyemo katika orodha ya wanafunzi." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini karani aliyeisoma hatabadilisha alama ya mtoto mwingine.