Mchi kwa Wasichana, Ngoma kwa Wavulana

Kidato cha pili nilikuwa na sauti nzito. Mwalimu wa muziki alinisikiliza mara moja, akasema, "Wewe ni teno kabisa." Darasa likacheka, kisha akanipanga alto. Teno ni ya maboyi, ati. Miaka miwili nilisimama safu ya nyuma, noti za juu zikifika nafungua mdomo tu.

Tamasha za muziki za shule si kitu kidogo. Zimekuwepo Kenya tangu 1927, na kwa wengi wetu ndipo tulipopanda jukwaani mara ya kwanza. Ndiyo maana nazikagua bila huruma. Keti utazame nyimbo za kiasili za shule za mchanganyiko. Wimbo uwe wa Pwani au wa Magharibi, picha ni ileile: wasichana wanaingia na vikapu, mchi na kinu, wanapepeta, wanatikisa kiuno, mmoja anampigia mchumba magoti. Wavulana wana mikuki, ngoma na pembe.

Ukiuliza, unajibiwa ni utamaduni. Sawa, nakubali nusu. Nyatiti ya Waluo kweli ilikuwa ya wanaume. Lakini Anyango, mwanamke wa Kijapani, alifunzwa kuipiga hukohuko Siaya, na leo Labdi Ommes anapiga orutu majukwaani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hata hivyo, kinachobomoa hoja ya utamaduni kwangu ni shule za wasichana. Huko nani anapiga ngoma? Si ni wao wenyewe! Wimbo uleule, mila ileile, wanapiga, wanapuliza pembe, wanashika mikuki ikibidi, na sijawahi kuona mwamuzi akisimamisha onyesho eti mila imevunjwa. Kumbe mkono wa msichana unaiweza ngoma vizuri sana, bora tu pasiwe na mvulana karibu. Basi kule kwenye shule za mchanganyiko anayegawa kazi si babu zetu. Ni mwalimu mwenye haraka, anayejua picha iliyozoeleka haimletei maswali.

Shule za wavulana nazo zina lao. Kijana anafungwa leso, anawekewa matiti ya bandia, ukumbi unavunjika mbavu. Msichana akiigiza shujaa tunampigia makofi. Mvulana akiigiza mama tunacheka kabla hajaimba. Nami nimecheka, sijitoi. Lakini najiuliza yule boyi mwenye soprano safi, ambaye sauti yake haijavunjika, anajifunza nini akisikia kicheko hicho. Pengine ananyamaza, kama mimi.

Mwaka jana nilijiunga na kwaya ya mtaani. Kiongozi hakuuliza mengi, alitaka tu kusikia noti ya chini kabisa ninayofika. Akanielekeza kwa mateno. Jamaa aliyekuwa kando alinisongezea karatasi yake, tukaanza.