Spea za Vespa Kuukuu: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Njema

Kwa anayefufua Vespa ya zamani, tabu haiko katika kukosa spea. Zimejaa tele. Vespa PX, iliyozinduliwa na Piaggio ya Italia mwaka 1977, bado inazunguka mitaa ya Unguja, na vipuri vyake vinatoka kila upande: Italia kwenyewe, India ambako LML ya Kanpur iliunda chombo cha muundo huohuo, viwanda visivyotaja jina, na injini zilizofumuliwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Boksi la kung'aa halithibitishi kitu. Ujuzi ni kufahamu wapi udai cha asili, wapi cha kuiga kinatosha, na wapi kikuukuu kinakishinda kipya.

Anza na namba

Vespa iliyopita mikono mingi aghalabu ina bodi ya moja na injini ya nyingine. Soma namba za zote mbili kabla ya kufungua pochi. PX 150 huanza na VLX1T kwenye bodi na VLX1M kwenye injini. Spea za ndani zifuate namba ya injini, hata kama kadi inasema vingine.

Usidanganywe na sura. Bajaj Chetak ya zamani kwa macho inafanana na PX, lakini ni ya ukoo wa Vespa Sprint, na kufanana si kulingana. Kipimo cha venia na spea ya zamani mkononi vitakuambia mengi kuliko mwenye duka. Ndiyo maana kifaa kibovu hakitupwi hadi kipya kifungwe na kifanye kazi.

Pistoni na ringi

Silinda ya PX 150 ina kipenyo cha mm 57.8. Ikilika huchongwa na kupewa pistoni kubwa zaidi, kwa hatua za mm 0.2: 58.0, 58.2, 58.4. Tafuta ukubwa na mshale uliopigwa juu ya pistoni. Mshale huelekea kwenye ekzosi. Nunua pistoni kwanza, kisha mpe fundi mkereza achonge silinda kwa kuifuata. Anayechonga kwanza halafu akatafuta pistoni anajifunga mwenyewe.

Ringi ipimwe ndani ya silinda. Isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pitisha fila kwenye pengo la ncha zake. Ringi mpya iache takriban mm 0.20 hadi 0.35. Pengo likiwa dogo mno, joto litazikutanisha ncha na ringi itakwaruza silinda. Likiwa kubwa, nguvu inapotea hata kabla ya safari ya kwanza.

Krenki: hapa usibahatishe

Katika injini ya PX, mchanganyiko wa hewa na petroli haupiti kwenye valvu ya kawaida. Ubapa wa krenki ndio unaofungua na kufunga njia, ukizunguka karibu kabisa na uso wa kasha la injini bila kuugusa. Krenki ya kuiga ambayo ubapa wake haukusagwa sawasawa huvujisha pumzi, na injini haitatulia hata ukirekebisha kabureta mchana kutwa. Isitoshe, krenki huunganishwa kwa kushindiliwa, hivyo pigo moja la nyundo linaweza kuipinda. Iweke kwenye mashine ya kukereza, izungushwe, na kipimo cha saa kionyeshe kama inayumba. Krenki ya zamani ya Italia iliyotiwa beringi mpya na kunyooshwa na fundi stadi mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina.

LML za baadaye zilitumia valvu ya ulimi. Usiichukue krenki yao ukaipachika kwenye PX bila kulinganisha.

Mpira huzeeka hata ukiwa dukani

Hapa heshima ya cha asili inageuka. Sili ya oili iliyokaa kabatini tangu miaka ya 1980, hata ikiwa ndani ya boksi la Piaggio, imeshakauka. Ikunje kidogo: ikionyesha nyufa nyembamba, iache. Sili mpya ya kampuni yenye jina inaishinda. Ikivuja ile ya upande wa klachi, injini hunyonya oili ya gia na kuichoma. Utaona moshi mweupe usiokoma na kiwango cha oili kikishuka, wakati gia zinahitaji ml 250 tu.

Gia na chuma chake

Gia ikiruka yenyewe, tazama kipande chenye umbo la msalaba kinachochagua gia. Kingo zake ziwe kali. Unaponunua kipya, omba ruhusa ujaribu tupa mahali pasipofanya kazi: ikiteleza, chuma kimeshibishwa moto; ikikwangua kwa urahisi, ni laini na hakitadumu.

Bodi, na mpango wa fedha

Vespa haina fremu tofauti. Bodi ya bati ndiyo mhimili, na hewa ya chumvi huanza kuila chini ya sakafu. Pitisha sumaku: pasiposhika pamejaa puti. Sakafu ya kuiga inakubalika ikiwa unene wake unalingana na bati la zamani lisilo na kutu na matundu yake yanakutana bila kulazimishwa.

Waya za gia, taa na mikeka ya miguu zinaweza kuwa za bei nafuu. Waya ya gia ikikatika utaibadilisha barabarani. Viatu na waya za breki usizifanyie mzaha. Kama fedha ni chache, zigawe hivi: krenki, pistoni na ringi kwanza, kisha sili, breki na bati. Rangi iwe ya mwisho, baada ya injini kukimbia siku kadhaa bila kuvuja.