Ngoma na Mahubiri: Mgongano wa Fani na Maudhui katika Dangdut ya Indonesia

Dangdut ni muziki unaopendwa mno na watu wa kawaida nchini Indonesia. Jina lake ni tanakali ya sauti ya ngoma inayouongoza. Muziki huu ulikua ndani ya bendi za Kimalayu zilizochota lahani kutoka katika filamu za Kihindi, jambo ambalo taarabu ya Mombasa nayo ililifanya. Katika miaka ya 1970, wasomi wa mijini walilitamka jina hilo kwa dharau: kwao ulikuwa muziki wa makabwela.

Aliyeupatia hadhi ni Rhoma Irama, kiongozi wa kundi la Soneta, aliyeuongezea gitaa la umeme na vishindo vya roki. Tungo zake hukemea kamari, ulevi na pengo lililopo baina ya matajiri na maskini. Baada ya kukipigia debe chama cha Kiislamu cha PPP katika uchaguzi wa 1977, alizuiwa kuonekana katika televisheni ya taifa kwa takriban miaka 11. Hata hivyo, ilipofika 1997, alikuwa upande wa Golkar, chama cha watawala.

Mwaka 2003 akazuka Inul Daratista, mwimbaji kutoka Pasuruan, Jawa Mashariki. Diski za video zilizonakiliwa kinyemela zilimfikisha mitaani kabla ya vituo vya televisheni kumng'amua. Uchezaji wake wa kuzungusha kiuno, uitwao ngebor, yaani kutoboa kwa keekee, ulimghadhibisha Rhoma, ambaye alimshutumu hadharani na kumkataza kuimba nyimbo zake. Abdurrahman Wahid, rais wa zamani na mwanachuoni wa Kiislamu, alimtetea. Kwa hiyo, si sahihi kuuchukulia ugomvi huo kuwa ni wa dini dhidi ya anasa.

Kiini chake kimo katika fani yenyewe. Maneno ya Rhoma humwita msikilizaji kwenye toba, ilhali mdundo humwita kwenye uwanja wa kucheza. Nyonga huanza kuyumba kabla akili haijapokea wasia. Rhoma aliufunika mgongano huo kwa mavazi, kwa sauti yake nzito na kwa haiba ya mwalimu. Inul hakuuleta, aliufunua tu. Kumlaani yeye na kuisifu ngoma iliyomchezesha ni kukata tawi na kulimwagilia shina maji.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba watetezi wake nao walikosea. Walimfanya nembo ya uhuru uliopatikana baada ya kuanguka kwa Suharto mwaka 1998, wakasahau kumsikiliza akiimba. Kwa wapinzani na kwa watetezi, mwanamke huyo alibaki kiuno kisichokuwa na sauti. Vituo vya televisheni vilivyouonyesha uchezaji wake, kisha vikatangaza shutuma dhidi yake, vilivuna pande zote mbili.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria dhidi ya ponografia. Sheria huweza kumwamuru mchezaji asimame. Haiwezi kuinyamazisha ngoma iliyomwinua. Uhakiki wa dangdut hauna budi kuanzia hapo: kwenye ngoma, si kwenye kiuno.